Nilivyojipatia wateja wangu kama msafishaji meno anayejitegemea, Ontario

Nilipofungua chumba changu cha kusafishia meno mjini Hamilton, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, nilifanya kosa lililonigharimu karibu miezi minane: nilijitahidi kufanana na kliniki za madaktari wa meno zilizonizunguka, kisha nikashusha bei ili niwe rahisi kuliko wao. Waliokuja kwa ajili ya punguzo waliondoka mara tu walipoona punguzo kubwa zaidi kwingine, na wengi waliobaki waliniuliza swali moja, kwamba kama nisingeweza kuwaziba jino lililotoboka, kwa nini waje kwangu badala ya kwenda mahali ambapo yote hufanyika chini ya paa moja. Lilikuwa swali la haki, na sikuwa na jibu.

Sheria haikuwa kikwazo. Tangu 2007 mtaalamu wa usafi wa kinywa wa Ontario aliyepewa idhini na chombo kinachosimamia taaluma yetu anaweza kukwangua ugaga na kusafisha mizizi ya meno bila kungoja agizo la daktari wa meno, isipokuwa pale afya ya mgonjwa inapodai ushauri kwanza, kama ilivyo kwa mtu mwenye vali bandia ya moyo. Kuziba na kung'oa si kazi yangu.

Jibu lilikuja kwa simu. Binti mmoja aliniuliza kama ningeweza kumsafisha meno baba yake nyumbani, kwa kuwa mzee huyo alikuwa amepata kiharusi na kumteremsha kutoka ghorofani hadi kwenye gari kulihitaji watu wawili na nusu siku. Sikuwa na vifaa vya kubebeka. Nilichukua vikwangulio vya mkono vilivyofungwa kwenye pakiti zake na taa ya kichwani, nikaenda. Nilikuta kinywa kikavu kwa sababu ya wingi wa dawa, meno bandia ya sehemu ambayo hayakuwa yametolewa kwa wiki kadhaa, na fizi zilizovuja damu kwa kuguswa tu. Nilimwinua kwa mito hadi akakaa nusu wima, nikamgeuzia kichwa upande ili maji yasimwingie kwenye njia ya hewa, nikatumia maji kidogo mno na dawa ya meno isiyotoa povu, kwa kuwa asiyemeza vizuri anaweza kuvuta uchafu wa kinywa hadi mapafuni akapata nimonia. Kazi ile ilichukua saa moja na nusu. Nusu saa nyingine niliitumia kumfundisha binti na mhudumu wa nyumbani namna ya kusimama nyuma ya mgonjwa, kushika kidevu na kupiga mswaki bila kugombana naye.

Mhudumu yule alikuwa akihudumia familia nyingine kadhaa. Kabla mwezi haujaisha, nne kati yake zilikuwa zimenipigia, na hakuna hata moja iliyoanza kwa kuuliza bei.

Ndipo nilipoacha kushindana na kliniki katika jambo ambalo kliniki hulifanya vizuri. Nilinunua mashine ndogo ya kunyonya mate inayoingia kwenye sanduku la magurudumu, nikabakiza siku mbili tu za kazi za chumbani, na siku zilizosalia nikazitenga kwa ajili ya majumba ya watu na makazi ya wazee. Katika makazi hayo niligundua hitaji ambalo sikulifundishwa kulitangaza popote: meno bandia hupotea au hubadilishwa, bibi wa chumba hiki akajikuta amevaa ya bibi wa chumba kile. Nilianza kuandika jina la mwenyewe kwenye kila seti niliyoisafisha. Ni kazi ya dakika chache, lakini nadhani imenitambulisha kwa wauguzi kuliko tangazo lolote nililowahi kulilipia.

Jambo la pili lilikuwa karatasi. Ufizi hupimwa sehemu sita kuzunguka kila jino. Kina cha nafasi iliyo kati ya ufizi na jino kikiwa milimita 1 hadi 3 huwa ni cha kawaida, na kuanzia 4 tunakuwa macho. Wagonjwa wengi waliniambia kwamba walikuwa wamesikia namba hizo zikisomwa juu ya vichwa vyao kwa miaka bila mtu kuwaeleza maana yake. Mimi huwapa kwa maandishi, nikiweka vipimo vya leo kando ya vile vya miezi mitatu iliyopita, na mwenye kisukari humshauri aipeleke karatasi hiyo kwa daktari wake, kwa kuwa ugonjwa wa fizi na sukari huzidishana. Mtu akiona 6 imekuwa 4, hurudi mwenyewe.

Karatasi hiyo pia ilinisuluhisha na daktari wa meno wa jirani, aliyekuwa ameniona kama mnyang'anyi wa wateja. Kila nilipokuta jino lililooza au kidonda kisichopona nilimwandikia barua ya rufaa yenye vipimo vyote. Baada ya barua ya tano au ya sita alianza kuniletea wale wasioweza kukaa kwenye kiti chake.

Malipo yalibaki kuwa taabu. Baadhi ya kampuni za bima zilirudisha madai yangu kwa sababu tu hayakutoka kwa daktari. Nafuu ilikuja 2024, mpango wa serikali ya Kanada wa huduma za meno ulipoanza kugharimia matibabu, ukianza na wazee, kwa kaya zisizo na bima ya meno na zenye kipato cha chini ya dola 90,000 kwa mwaka, na ukatukubali sisi tunaojitegemea.

Sina budi kusema pia juu ya meno yangu. Nilikulia Maji ya Chai, mkoani Arusha, ambako maji yana floridi nyingi, na meno yangu ya mbele yana madoa ya kahawia. Mwanzoni nilicheka nikiwa nimefunga mdomo, nikihofia nani atamwamini msafishaji mwenye meno ya rangi hiyo. Siku moja mama mmoja wa Meru alikuja akiwa amejikwangua kwa majivu na ndimu hadi meno yakawa yanamuuma.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nitolee uchafu huu.”

Nilimwonyesha yangu, nikamweleza kwamba doa lile liliingia ndani ya jino utotoni, kabla jino halijaota, na kwamba hakuna mswaki utakaolifikia. Alinitazama kinywani kwa muda mrefu kuliko nilivyomtazama yeye. Juma lililofuata aliwaleta dada zake wawili.