Kimba wa mawinguni

Mpwa wangu alicheka mpaka uji ukamtokea puani. Ilikuwa Jumapili jioni, umeme umerudi kama nusu saa hivi, tumekaa mkekani na laptopu yangu juu ya stuli, tunaangalia The Simpsons. Katuni ya Kimarekani, ya zamani kuliko ndoa ya wazazi wake. Kule mwishoni mawingu yakajikusanya, akatokea simba mwenye sauti nzito, akasema: lazima ulipize kisasi cha kifo changu, Kimba... aah, namaanisha Simba.

"Mjomba! Kamwita mwanawe kimba?"

Kwa wasomaji wangu ambao kimba kwenu pengine ni mzoga tu: huku kwetu Morogoro hata mtoto wa chekechea anajua kimba ni kile mtu anachokiacha chooni asubuhi. Nimeiangalia sehemu hii labda mara tano tangu nikiwa chuoni, na sikuwahi kulisikia neno lenyewe. Nadhani nikishawasha masikio ya Kiingereza, ya Kiswahili nayazima. Huyu wa miaka kumi na moja bado anasikia kwa yote mawili.

Sehemu yenyewe inaitwa 'Round Springfield, ya msimu wa 6, ilirushwa Marekani tarehe 30 Aprili 1995. (Kijana aliyeniwekea kwenye flashi aliiandika "simpson mpya". Haya.) Jina limechezewa kutoka 'Round Midnight, muziki wa mpiga piano wa jazi Thelonious Monk, na hiyo inakupa dalili mapema kwamba leo ni mambo ya jazi. Lisa, binti wa miaka minane anayepuliza saksofoni, anamkuta hospitalini gwiji wake, mzee Bleeding Gums Murphy. Kwa Kiswahili angekuwa Murphy wa Fizi za Damu, maana hajawahi kukanyaga kwa daktari wa meno. Siku ya pili Lisa anarudi, kitanda hakina mtu. Mzee amefariki.

Kwenye mazishi anafika Lisa peke yake. Mpwa wangu hapo alikunja uso, na mimi namwelewa. Huku kwetu hata mlevi wa mtaa akifa anapigiwa turubai, wali unapikwa, na watu ambao hawakuwahi kumsalimia wanakaa mpaka usiku wakicheza bao. Kuzikwa na mtoto mmoja! Nilimweleza kwamba hilo si utani, ndiyo uchungu wenyewe wa hadithi, na utani wote uliobaki umezungushiwa hapo.

Kabla ya kufa mzee anasimulia alivyoanza. Anamkumbuka mwalimu wake kipofu, Blind Willie Witherspoon, akimkabidhi saksofoni yake na kulalamika kwamba ameipuliza miaka thelathini na haijawahi kutoa sauti ya maana. Murphy anaitazama. Hii si saksofoni, ni mwavuli. Mzee kipofu anashtuka: miaka yote hiyo, mbona hakuna aliyeniambia? Anajibiwa kwamba wote waliona inachekesha. Naye, kwa upole kabisa: haichekeshi. Mimi hapo hucheka kila mara, halafu najionea aibu kila mara, na nadhani ndivyo walivyotaka.

Kuna na hili la udugu. Murphy anamwambia Lisa kwamba ana ndugu waliyepoteana zamani, siku hizi ni daktari, huwa anacheka mahali pasipostahili. Dokta Hibbert, ambaye kucheka wakati wa msiba ndiyo sifa yake tangu katuni ianze, amesimama palepale, naye anasema ana ndugu aliyepotea, mpiga jazi. Wanatazamana. Ingekuwa filamu ya Kihindi, mmoja angeanza wimbo wa utotoni, mwingine angedakia, mama angetokea na nusu ya kidani. Hawa wanaagana na kila mtu anashika njia yake.

Turudi mawinguni, maana hapo ndipo nilipokwama na mpwa wangu kwa robo saa nzima.

Mzee Murphy anamtokea Lisa kwenye wingu ili amuage. Mara anasukumwa na wageni. Kwanza Mufasa, yule simba wa filamu ya The Lion King, baba yake Simba, na ule ulimi wake ulioteleza. Kisha Darth Vader wa Star Wars, anamwambia Luke kwamba yeye ndiye baba yake. Kisha mwanamume mmoja anatangaza: hii ni CNN, kile kituo cha habari cha Kimarekani. Mtoto akaniuliza wanahusiana nini hao watatu. Wanahusiana koo moja. Sauti zote tatu, kwa asili yake, ni za mwigizaji wa Kimarekani James Earl Jones, yule aliyefariki Septemba 2024 akiwa na miaka 93, na huyo wa CNN amechorwa yeye mwenyewe. Kilichonifurahisha nilipokuja kujua ni kwamba mawinguni humo sauti inayosikika si yake. Aliyeiga ni Harry Shearer, mmoja wa waigizaji wa kudumu wa katuni hiyo. Jones mwenyewe walikuwa nao mwaka 1990, kwenye kipindi chao cha kwanza cha mizimu. Basi Murphy anawafokea wanyamaze, yeye yuko kwenye kuaga, na wale vigogo wanaomba radhi kama watoto waliokutwa jikoni.

Sasa Kimba. The Lion King, filamu ya katuni ya kampuni ya Disney, ilitoka Juni 1994, yaani miezi kumi hivi kabla. Ilipotoka watu wakaanza kunong'ona kwamba mbona inafanana na katuni ya Kijapani ya Osamu Tezuka, ya simba mweupe mtoto wa mfalme, iliyoanza kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 1965. Kwao Japani mwanasimba yule anaitwa Leo. Wamarekani walipoichukua wakamwita Kimba. Disney wakakanusha kuiga. Kwa hiyo ulimi wa Mufasa ulivyoteleza pale, ni kidole machoni mwa Disney, kimechomekwa kwa sekunde tatu na kuondolewa.

Ila mimi siku hizi nikiiangalia naona kingine. Waliotengeneza The Lion King walifungua kamusi yetu kweli. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, fisi jike ni Shenzi, Pumbaa kapumbaa, na Sarabi, mama yake Simba, kapewa neno zuri lenye maana ya mazigazi, yale maji ya uongo ya jangwani, neno ambalo nusu ya wanafunzi wangu hawalijui. Waliompa jina yule wa miaka ya sitini sijui walifungua nini. Herufi moja tu, na mwana wa mfalme amekuwa kitu cha kufukiwa. Waandishi wa The Simpsons walitupa kijembe kwa Disney, na kijembe kikavuka bahari kikatua kwenye mkeka wangu kikiwa na maana ambayo hawakuipanga.

Sehemu inaishia kwa Murphy na Lisa wakipiga Jazzman, wimbo wa Carole King wa 1974. Mpwa wangu hakuusikia. Alikuwa anarudia rudia neno lile moja chini chini, anacheka, anajifuta pua.

Nilipaswa kumkanya hapohapo. Mimi ni Simba damu, jezi yangu nyekundu inaning'inia nyuma ya mlango, na baba yake ni Yanga. Jumatatu asubuhi, kabla sijapiga mswaki, simu ikaita.

"Shem," anasema shemeji yangu, taratibu, kama mtu anayetoa pole. "Kimba hawajambo?"