Leo kisiwani Nami

Jamani, ndiyo nimerudi kutoka Nami, kisiwa cha Korea Kusini, vidole bado vimekufa ganzi kwa baridi.

Kwa wasiojua, huku ndiko zilikorekodiwa baadhi ya sehemu za Winter Sonata, tamthilia ya mapenzi ya kituo cha Kikorea cha KBS ya 2002. Mwaka uliofuata televisheni ya NHK ikaionyesha Japani, na akina mama wa kule wakampenda mwigizaji wake mkuu, Bae Yong-joon, mpaka wakampa jina la heshima, Yon-sama. Hiyo ni miaka mingi kabla ya Squid Game. Akina mama wale walianza zamani!

Leo nimemwona mmoja wao.

Mama mtu mzima wa Kijapani, rika la bibi yangu, amesimama mbele ya sanamu ya wale wapenzi wawili wa tamthilia hiyo.

Akatoa leso mkobani, akamfuta Yong-joon theluji begani.

Taratibu, kama unavyomfuta mtoto vumbi kabla hajaenda shule.

Akaikunja leso ile iliyolowa, akairudisha mkobani. Hata picha hakupiga.

Nilibaki pale nimeduwaa, nusura kivuko cha Gapyeong kiniache.

Na nyie, tamthilia gani ya Kikorea iliwashika moyo hivyo? Niambieni, nasoma zote usiku huu.