Andy Kaufman, mchekeshaji aliyejua kunyamaza

Tarehe 11 Oktoba 1975, katika kipindi cha kwanza kabisa cha Saturday Night Live, shoo ya vichekesho ya televisheni huko New York, Andy Kaufman aliweka santuri ya wimbo wa katuni ya Mighty Mouse kwenye gramafoni, akasimama kando yake tuli. Wimbo unaimba, yeye kimya, macho yanahangaika kama ya mtoto aliyesahau shairi mbele ya wazazi. Ukifika mstari wa shujaa, mkono unapaa, mdomo unafuatisha kwa fahari. Halafu kimya tena. Anakunywa maji. Basi, na ukumbi unavunjika mbavu.

Mimi nimekulia Bombo, mji wa kambi ya jeshi hapa Uganda, kwenye Kiswahili cha kambini, na vichekesho nilivyovizoea ni vya kasi: maneno mengi, kuiga lafudhi za watu wa kila wilaya. Hapa Kampala msanii akinyamaza kidogo tu, watu wanaanza kumzomea. Kaufman aliweza kusimama ndani ya kimya hicho bila kukimbia, na kwangu huo ni ushujaa.

Wengi humkumbuka kama mtukutu. Ni kweli aliwasomea watu riwaya ya The Great Gatsby jukwaani mpaka wakachoka naye. Mieleka aliyopigana na wanawake kama sehemu ya maonyesho yake siipendi hata leo. Lakini Aprili 1979, onyesho lake katika ukumbi wa Carnegie Hall lilipokwisha, aliwapandisha watazamaji kwenye mabasi akaenda kuwalisha biskuti na maziwa. Umati wote ule! Na bibi kizee aliyekaa jukwaani muda wote akitazama? Alikuwa mwigizaji Robin Williams aliyejigeuza. Jamani, anayewadharau watazamaji hawaandalii ukarimu wa namna hiyo.

Alifariki Los Angeles tarehe 16 Mei 1984 kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 35 tu. Kuna waliokataa kuamini, wakasema ni igizo lake jingine. Hilo huniuma, kwa sababu ndugu zake walikuwa na msiba wa kweli. Mwaka 1999 Jim Carrey alimwigiza katika filamu ya Man on the Moon, lakini mimi ningekushauri uanze na Kaufman mwenyewe.

Kuna kijana wa mtaani kwetu anayeanza kupanda jukwaani. Nimemtumia kile kipande cha santuri, nikamwambia atazame mikono. Amejibu kwamba onyesho lijalo atajaribu kunyamaza, na nimemwahidi kukaa safu ya mbele.