Highbury na Beki Aliyeugusa Mpira Kwanza

Bao la Tony Adams, nahodha wa Arsenal, dhidi ya Everton, tarehe 3 Mei 1998, nimelitazama mara nyingi mno, na siku hizi macho yangu hayamfuati Adams tena bali aliyempa mpira. Ilikuwa dakika ya 89, Arsenal wakiongoza mabao matatu bila na ubingwa ukiwa umeshaingia mkononi, wakati Steve Bould, beki wa kati aliyetokea benchi, alipoudokoa mpira juu ya safu ya ulinzi ya Everton kwa ulaini ambao watu huutarajia kwa kiungo mchezeshaji. Adams aliutuliza kifuani, akaupiga kwa mguu wa kushoto, na Highbury, uwanja wa nyumbani wa Arsenal wakati huo, ukalipuka wote kwa shangwe. Picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ya nahodha ametandaza mikono, macho yamefumba. Pasi ile hutajwa baadaye, kama itatajwa.

Naamini hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Bould kwa miaka 11, tangu alipotua Arsenal akitokea Stoke City mwaka 1988 hadi alipohamia Sunderland mwaka 1999: kuugusa mpira kabla ya yule atakayeimbwa. Waulize mashabiki wa enzi za kocha George Graham kuhusu kona, nao watakusimulia jambo lile lile bila kuchoka. Mpira ulichongwa kwa nguvu kuelekea mlingoti wa karibu, Bould akajitokeza mbele ya anayemkaba na kuuparaza kwa kichwa, kidogo tu, kiasi cha kuubadilisha mwelekeo, kisha ukaendelea hadi mlingoti wa mbali ambako mwenzake alikuwa anausubiri. Wapinzani walijua kabisa kinachokuja, walijipanga kukizuia, na bado walifungwa.

Msimu wa 1990/91 ndio unaonifanya nitetee jina lake mbele ya yeyote. Arsenal walitwaa ubingwa wakiwa wamepoteza mechi moja tu ya ligi kati ya 38, na waliruhusu mabao 18 pekee. Adams alikosekana kwa wiki kadhaa katikati ya msimu huo, lakini Bould alicheza mechi zote 38, na ukuta haukutikisika. Hata hivyo, timu ya taifa ya Uingereza ilimwita kwa mara ya kwanza mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 31, akacheza mechi mbili, basi. Adams alicheza 66. Sisemi kwamba Adams hakustahili. Nasema kwamba tofauti kati ya namba hizo mbili haifanani hata kidogo na tofauti ya kazi waliyoifanya bega kwa bega.

Ninapowasikiliza waliokuwa wakienda Highbury, nagundua kwamba uwanja na mabeki wake hawatenganishwi katika kumbukumbu zao. Eneo la kuchezea lilikuwa dogo, takriban mita 101 kwa 67, na majukwaa yalisogelea mstari kiasi kwamba aliyekaa safu za mbele aliwasikia mabeki wakiitana kupanda juu kwa pamoja, kisha akaona mikono ikinyanyuliwa kwa mshika kibendera kudai kwamba mshambuliaji ameotea. Katika nafasi finyu namna ile, beki anayeusoma mchezo mapema alikuwa na thamani kubwa kuliko mwenye mbio, na Bould alikuwa msomaji wa aina hiyo. Alifika mahali mpira unapokwenda huku mshambuliaji bado anautafuta.

Usiku mmoja alijaribu kuwa yeye anayeimbwa. Mwezi Aprili 1995, katika nusu fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya dhidi ya Sampdoria ya Italia, beki huyu ambaye mabao yake yote Arsenal hayakufika kumi alifunga mawili kwa kupishana dakika chache, kabla ya mapumziko, na Arsenal wakashinda 3-2. Waliokuwepo bado wanalisimulia kana kwamba walishuhudia mvua ya kiangazi.

Milango ya Highbury ilifungwa tarehe 7 Mei 2006 kwa ushindi wa Arsenal wa 4-2 dhidi ya Wigan, Thierry Henry akafunga matatu na kupiga magoti kuibusu nyasi. Bould alikuwa ameshaondoka uwanjani kama mchezaji, ingawa klabu hakuiacha moja kwa moja: alirudi kuwafundisha vijana, akatwaa nao Kombe la FA la Vijana mwaka 2009, kisha akawa msaidizi wa kocha Arsène Wenger kuanzia 2012 hadi 2018.

Nilipofika London, nilishuka kituo cha treni ya chini ya ardhi kinachoitwa Arsenal na kupanda ule ujia mrefu wenye mteremko hadi mitaani. Jukwaa la mashariki, lile la mwaka 1936, bado limesimama kwenye Avenell Road na sura yake nyeupe, lakini nyuma yake sasa wanaishi watu, na palipokuwa na nyasi za kuchezea pana bustani iliyozungukwa na madirisha. Nilichungulia kwa muda mrefu, nikijaribu kukadiria mlingoti wa karibu ulikuwa wapi, kisha nikahesabu hatua chache mbele yake, pale alipokuwa akijitokeza. Palikuwa na ua wa majani uliokatwa vizuri, wenye kimo cha kiuno.