Jumapili ambayo Swali Dogo hakuja

Juzi ofisini tumepewa semina ya kufanya kazi kwa timu. Mwezeshaji akagawa dodoso refu: ujaze, ujumlishe alama, kisha uambiwe wewe ni nani ndani ya kikundi. Mwenye mambo hayo ni Meredith Belbin, Mwingereza ambaye miaka ya 1970, kwenye chuo cha mameneja cha Henley, alikuwa akiwatazama watu wakishindana kwa vikundi katika michezo ya biashara. Vikundi vilivyojazwa vichwa vikali vitupu mara nyingi vilishika mkia, kila mmoja akiwa na kazi ya kuibomoa hoja ya mwenzake. Siku hizi orodha yake ina nafasi tisa. Yupo wa kuleta mawazo mapya, yupo wa kusukuma, wa kupoza ugomvi, wa kupima na kukosoa, wa kumalizia. Mimi nikatoka mtu wa kumalizia. Jirani yangu wa mezani, ambaye ripoti zake tunazidai tangu mwaka jana, naye akatoka hivyo hivyo.

Sina ugomvi na Belbin. Ila huyu mwezeshaji alizungumza kana kwamba nafasi ya mtu ni kama kundi la damu, umezaliwa nayo na utazikwa nayo. Hapo nikamkumbuka Mzee Swali Dogo.

Kamati ya harusi ya mdogo wangu ilikuwa ikikutana Sinza, bustanini kwa yule wa kitimoto, kila Jumapili jioni. Mwenyekiti alikuwa Mjomba, kwa sababu ndiye aliyefungua ahadi kwa kiasi kilichowafanya wengine waone aibu kutaja laki moja. Mweka hazina alikuwa dada mmoja ambaye hata mwenyekiti hakuthubutu kumkopa. Katibu mimi, eti nina mwandiko. Shangazi alifungua na kufunga kwa sala, na katikati aliunga mkono kila kitu. Na alikuwepo huyo mzee, mstaafu wa reli, rafiki wa marehemu baba. Kila ajenda ikikaribia kupita ananyoosha kidole: "Nina swali dogo tu, Mwenyekiti." Lile swali dogo lilikula nusu saa. Bei ya ukumbi, rangi ya mapambo, gari la maharusi linakunywa mafuta kiasi gani. Vijana wa kamati ya vinywaji walikuwa wakimwona anaingia getini wanaagiza mapema.

Jumapili moja mzee alikuwa Moshi, msibani. Kikao kikaenda mbio ajabu. Mapambo yakapita, usafiri ukapita, emsii akapita na bei yake ileile. Tukafika kwa mpishi: sahani 300, kila moja 12,000. Mjomba akasema, "Kama hakuna hoja..." akanyamaza. Sijui kwa nini alinyamaza. Nadhani mwili ulishazoea kusimama pale. Wote tukageuka kutazama kile kiti cha plastiki ambacho mzee hukalia, na mtu akacheka.

"Nina swali dogo tu, Mwenyekiti."

Shangazi! Tukaangua kicheko, tukidhani anamwigiza mzee. Yeye hakucheka. Alikuwa amevua miwani na kuishika mkononi kama mtu anayetaka kusomewa hesabu.

"Katibu, kadi tumetoa ngapi?"

Nikafungua daftari. Kadi 180, dabo 150, singo 30.

"Hao ni watu wangapi?"

"Mia tatu na thelathini, Shangazi."

"Na emsii hali? Wapiga picha? Madereva? Wale wa muziki?"

Mweka hazina akaanza kuandika pembeni. Mjomba akatumia maneno aliyokuwa akimtulizia mzee, neno kwa neno: "Swali zuri sana, lakini tuangalie muda."

"Muda upo. Soda zenyewe hazijaisha."

"Dada, umetumwa na mzee?"

"Mzee yuko msibani. Nauliza mimi. Na huyu mpishi, anataka hela yote kabla? Kwa nini?"

Ile "kwa nini" ilikuwa ya mzee kabisa, na mvuto wake wa mwishoni. Tukakaa kwa mpishi mpaka mbu wakatufukuza. Sahani ziliongezwa, malipo yakagawanywa mara mbili. Shangazi alikuwa amekasirika kiasi kwamba sala ya kufunga alikataa, ikabidi aombe kijana wa vinywaji, chupa ameificha nyuma ya kiti. Aliomba vizuri, tena kwa machozi. Toka siku hiyo ndiye aliyekuwa mwombaji wetu.

Mzee alirudi wiki iliyofuata. Nikasoma muhtasari, tukasubiri kidole. Akasema, "Naunga mkono." Shangazi akamtazama kama aliyeibiwa. Vikao vilivyobaki vilikwenda hivyo: Shangazi anauliza, mzee anaunga mkono. Harusi ikafana, watu wakala, chakula kikabaki cha kubebana.

Siku ya kuvunja kamati, mbele ya nyama choma, nikamuuliza mzee kimetokea nini. Akaniambia koo limemkauka, nimwagizie maji. Labda siku zote Shangazi alikuwa na maswali yake, mzee akawa anamuwahi tu. Labda mzee naye alichoka kuwa yule mtu tuliyemfanya awe. Au msiba wa Moshi ulimgusa kwa namna nisiyoijua, na mimi natunga nadharia juu ya majonzi ya mtu.

Shangazi mwenyewe hadi leo anakana kwamba aliwahi kupinga chochote kwenye kamati ile. Nilimtolea daftari kumthibitishia. Kwa mwandiko wangu mzuri, chini ya ajenda ya mpishi, imeandikwa: "Wajumbe walijadili na kukubaliana."