Macho mawili juu ya mti, Rondo

Juzi nililala kwa mjomba wangu Rondo, huku kwetu Lindi. Saa tatu usiku akaniita, "Mjomba, njoo na tochi." (Tunaitana hivyo wote wawili.) Tukasogea ukingoni mwa msitu. Kumulika juu, macho mawili mekundu yakawaka, yakaruka, yakawaka tena tawi la pili. Komba! Yule wa aina iitwayo komba wa Rondo hasa ni mdogo ajabu: gramu kama 60, simu yangu nzito kuliko yeye, na mkia wake kama brashi ya kuoshea chupa. Wanasayansi walimpa jina miaka ya 1990, na duniani yupo Tanzania tu, kwenye vipande vichache vya misitu. Kama niliyemwona ndiye, siapi. Alikuwa na haraka.

Asubuhi tukapita kwenye kisiki cha mvule, kipana kuliko meza yetu ya chakula. Nikasema si itaota mingine? Mjomba akacheka. Mvule una dume na jike, kila mmoja na mti wake. Ukimaliza madume, jike aliyebaki hazai. Na akizaa, anamtegemea popo ale matunda, akadondoshe mbegu mbali. Halafu popo huyohuyo tunamrushia mawe eti anachafua mabati!

Hatua chache kutoka kwenye kisiki palikuwa na tanuru la mkaa, udongo wake bado wa moto.

Jana nimerudi mjini. Jikoni nimekuta gunia jipya la mkaa, mama watoto kalipata kwa bei nzuri. Sikuuliza limetoka wapi.