Nilivyoipata habari ya gazeti la zamani baada ya kusachi jina kugoma

Wiki mbili nzima natafuta habari ya ajali ya treni kwenye katalogi ya magazeti ya zamani, naandika jina la marehemu, matokeo sifuri, na nina uhakika ilichapishwa maana kipande chake kilichokatwa nimekishika mkononi. Kumbe kurasa za magazeti humo kwenye katalogi ni picha tu, kompyuta ndo imezisoma ikatengeneza maandishi, sasa wino ukififia inakosea sana, "rn" inaisoma "m", "e" inakuwa "c", na neno likikatwa mwisho wa mstari linaweza kuhesabika mawili. Yani jina unalosachi halimo kabisa!

Basi nikaachana na jina. Nikaweka tarehe tu, siku ya ajali mpaka siku kumi mbele kwa sababu gazeti lilikuwa la wiki, nikafungua toleo moja moja nasoma kwa macho. Sikuliona. Nikacheki kama gazeti liliwahi kubadilisha jina, na kweli, lina rekodi mbili kwenye katalogi, moja kwa kila jina, mi nilikuwa nasachi moja tu. Kwenye ile ya pili, ukurasa wa 4, hiyo hapo, nilifurahi jamani! Nikanakili palepale tarehe, ukurasa na safu.